Aliyewachana "Mbwa Mwitu" wa Wall Street Hajulikani Hadi Leo, Ila Aliyeburuzwa Kortini Ni Mwenye Jukwaa

Kama umeangalia The Wolf of Wall Street, ile filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 2013 ambayo Leonardo DiCaprio anachezea pesa kama kaziokota, basi Stratton Oakmont si jina geni kwako. Kampuni ile ilikuwepo kweli. Ilikuwa Long Island, New York, na iliajiri vijana wenye mdomo mtamu waliokuwa wanapiga simu kutwa nzima kuwashawishi watu wanunue hisa za kampuni wasizozijua vizuri. Bei ikishapanda, wakubwa wanauza za kwao kimya kimya. Bei inaporomoka, mteja anabaki kashika makaratasi.

Ila kuna mtu mmoja filamu haikumgusa kabisa. Hana jina, hana sura, hakuna aliyewahi kumhoji. Alichofanya ni kuandika meseji mtandaoni, akapotea. Meseji zake zikazaa kesi, na kesi ikazaa sheria ambayo mpaka leo ndiyo inayoamua Facebook, X na YouTube wanashtakiwa au hawashtakiwi huko Marekani kwa maneno yaliyoandikwa na watu wengine.

Kesi ile iliacha swali ambalo kila modereta analijua, awe anasimamia jukwaa la watu milioni mbili au kundi la WhatsApp la ukoo: mtu asiyejulikana akiandika kitu kikamuumiza mwingine, nani alipe?

Twende taratibu, maana majibu yako mengi na kila jibu lina mtu wake aliyeumia.

Mwaka 1994, kompyuta inalia kama paka kakanyagwa mkia

Sahau WhatsApp, sahau Insta. Google yenyewe bado haijazaliwa. Marekani ya wakati ule mtu alichomeka kompyuta kwenye waya wa simu ya mezani, ikalia weee, halafu akaingia kwenye huduma anayoilipia kila mwezi. Majina makubwa yalikuwa matatu: CompuServe, America Online, na Prodigy.

Prodigy ilikuwa mali ya IBM na Sears, kampuni mbili zenye heshima zao mjini. Ilikuwa na wateja wasiopungua milioni 2. Na biashara yake iliiuza kwa ahadi moja: hapa ni sehemu ya familia, mwachie mtoto aingie. Kuitimiza ahadi hiyo waliweka kanuni za nini kiandikwe na nini kisiandikwe. Waliweka programu ya kunasa matusi kabla hayajatokea kwenye skrini. Na waliweka watu, kila jukwaa na msimamizi wake, waliopewa uwezo wa kufuta posti chapchap na kumtumia mhusika sababu: umetukana, umetoka nje ya mada, umeleta matangazo.

Kwa lugha ya leo, Prodigy walikuwa na mods. Na mods wao walikuwa wanafanya kazi.

Moja ya majukwaa yao liliitwa Money Talk. Mambo ya hisa, uwekezaji, nani kapanda, nani kashuka. Lilikuwa na wasomaji wengi kuliko majukwaa mengine ya aina hiyo Marekani. Sasa Oktoba 1994, tarehe 23 na 25, ikatokea akaunti moja ikamwaga mboga. Iliandika kwamba Stratton Oakmont na rais wake, Daniel Porush, wamefanya uhalifu na utapeli katika kuuza hisa za kampuni fulani kwa umma kwa mara ya kwanza. Ilisema bila kupepesa macho, wala haikuweka "inasemekana".

Stratton Oakmont wakaja juu. Wakafungua kesi ya kuchafuliwa jina wakidai dola milioni 200.

Kumtafuta mwandishi ikawa ngoma nzito. Akaunti iliyotumika ilikuwa na jina la mtu aliyewahi kufanya kazi Prodigy na kuondoka, naye akakana katakata kwamba si yeye. Basi mwandishi halisi akabaki kivuli. Na kivuli hakishtakiki, hakina nyumba ya kupigwa mnada. Wakageukia aliyekuwa na nyumba: Prodigy.

Mfagiaji na asiyefagia

Ili uone utamu wa kesi hii, rudi nyuma miaka mitatu. Mwaka 1991 iliamuliwa kesi waliyoshtakiwa CompuServe, na kisa chake utakipenda, kwa sababu kilihusu umbea. Ndani ya CompuServe kulikuwa na jarida la kila siku linaloitwa Rumorville, kazi yake kupiga stori za watangazaji na waandishi wa habari. Rumorville ikawasema washindani wake vibaya, washindani wakaenda mahakamani na kuishtaki CompuServe.

Jaji akauliza: nyie CompuServe mlisoma kabla halijatoka? Wakajibu hatukusoma, hatukujua, jarida linaendeshwa na watu wengine, sisi tunapitisha tu. Jaji akasema basi nyie ni kama maktaba, au kama muuza magazeti. Muuza magazeti haulizwi gazeti limeandika nini, maana hakuliandika wala hakulihariri. Wakashinda.

Prodigy nao wakaenda kortini na wimbo uleule. Walisema meseji zinazoingia kwao zinafika 60,000 kwa siku, haiwezekani binadamu akazisoma zote. Piga hesabu mwenyewe: hizo ni kama meseji 42 kila dakika, usiku na mchana, bila mapumziko ya chai.

Tarehe 24 Mei 1995 mahakama ya New York ikakataa utetezi huo. Hoja ya jaji ilikuwa nyepesi kueleweka. CompuServe hawakugusa kitu, kwa hiyo ni muuza magazeti. Nyie Prodigy mna kanuni, mna programu ya kunasa matusi, mna wasimamizi wanaofuta. Mnaamua nini kibaki na nini kitoke. Anayeamua hivyo anaitwa mhariri, na mhariri anawajibika kwa kilichotoka kwenye gazeti lake. Mlijiuzia sifa ya usafi na mkapata wateja kwa sifa hiyo. Basi bebeni na mzigo wake.

Kwa haki kabisa, jaji hakuwa anaropoka. Huwezi kula faida ya kuitwa msafi halafu uchafu ukionekana useme mimi si mfagiaji. Lakini angalia matokeo yake mtaani. Kuna nyumba mbili. Mwenye nyumba ya kwanza anafagia kila asubuhi, ikamponyoka takataka moja, anapigwa faini. Wa pili hajawahi kushika ufagio toka azaliwe, nyumba inanuka mpaka barabarani, na yeye hana kosa. Wewe ungekuwa na nyumba ya tatu, kesho asubuhi ungefagia?

Kwa kila kampuni ya mtandao Marekani jibu lilikuwa wazi: hapana. Mahakama, bila kukusudia, ilikuwa imewaambia wenye majukwaa kwamba usalama wao uko kwenye kufumba macho.

Kesi yenyewe iliisha kimya. Oktoba 1995 Prodigy walitoa tamko la kusikitika, Stratton Oakmont wakaacha madai yao. Maana yake mahakama haikuwahi kukaa chini kupima zile meseji za Oktoba 1994, neno kwa neno, kama ni kweli au uongo.

Ila historia iliendelea bila kusubiri mahakama ile. Desemba 1996 Stratton Oakmont ilifukuzwa kwenye chama cha madalali wa hisa. Mwaka 1999 mwanzilishi wake, Jordan Belfort, alikiri makosa ya utapeli wa hisa na utakatishaji fedha, akaenda jela. Porush, yule rais aliyesema kachafuliwa jina, naye alikiri na akafungwa. Kampuni iliyodai dola milioni 200 kwa sababu imeitwa tapeli, wakubwa wake wenyewe walisimama mbele ya jaji wakasema ndiyo, tulitapeli.

Yule mtu asiye na jina? Mpaka kesho hajulikani.

Sheria iliyoandikwa kwa sababu ya gazeti la kwenye ndege

Mbunge mmoja wa California, Christopher Cox, alisoma habari ya hukumu ya Prodigy gazetini akiwa kwenye ndege kuelekea Washington. Akaona hii haina mantiki, unamwadhibu anayejaribu. Akamtafuta mwenzake wa chama cha upinzani, Ron Wyden wa Oregon. Mmoja Republican, mwingine Democrat, wakakaa meza moja wakaandika kifungu kifupi. Agosti 1995 kikapita kwenye Baraza la Wawakilishi kwa kura 420 dhidi ya 4. Tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton akatia saini, kikawa sehemu ya sheria ya mawasiliano. Wamarekani wanakiita Kifungu cha 230.

Sentensi yake kuu ina maneno 26 tu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili cha mtaani inasema hivi: mwenye jukwaa asihesabiwe kuwa yeye ndiye aliyesema maneno ya mtu mwingine. Na kuna sehemu ya pili isiyopigiwa kelele sana: akiamua kwa nia njema kufuta kitu anachoona hakifai, asishtakiwe kwa kufuta.

Kwa hiyo ufagio ukarudi mkononi. Fagia, hutaadhibiwa kwa kufagia. Ikikuponyoka moja, si wewe uliyesema.

Bila kifungu hiki sidhani kama tungekuwa na YouTube au sehemu za maoni kama tunavyozijua. Nani angethubutu kuwafungulia mlango watu milioni waandike wanachotaka, kama kila sentensi yao ni kesi yake? Prodigy ndiyo iliyolipa ili wengine wapite.

Hadi hapo inaonekana kama stori imeisha vizuri. Bado haijaisha, kwa sababu kuna asiyejulikana wa pili, na huyu hakuwa shujaa wa mtu.

Bwana wa Seattle aliyepigiwa simu kila dakika mbili

Tarehe 19 Aprili 1995, bomu lililipua jengo la serikali Oklahoma City. Watu 168 walikufa, wakiwemo watoto wadogo waliokuwa kwenye chekechea ndani ya jengo. Marekani nzima ilikuwa msibani.

Siku sita baadaye, tarehe 25 Aprili, mtu asiyejulikana akaweka tangazo kwenye America Online. Alikuwa anauza fulana zenye maneno ya kuwakejeli marehemu. Akaandika: ukitaka kununua, piga simu, muulizie Ken. Na akaweka namba.

Namba ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya Kenneth Zeran, bwana mmoja wa Seattle ambaye hakuuza fulana yoyote, hakuandika chochote, na wala hakuwa mteja wa America Online. Ilikuwa namba anayotumia kwa biashara zake nyumbani, kwa hiyo kuibadilisha tu hivihivi haikuwezekana.

Simu zikaanza. Matusi, laana, vitisho vya kuuawa. Zeran akaipigia America Online, akaeleza, wakamwambia litaondolewa. Likaondolewa, kesho yake likaja lingine. Akapiga tena. Likaja lingine, na lingine. Kufikia tarehe 30 Aprili alikuwa anapokea simu ya matusi karibu kila dakika mbili. Tarehe 1 Mei mtangazaji wa redio moja ya Oklahoma City akasoma tangazo lile hewani na kuwahimiza wasikilizaji wampigie huyo Ken. Hapo ndipo mambo yalipochacha kabisa, polisi wakawa wanailinda nyumba yake.

Zeran akaishtaki America Online. Madai yake hayakuwa kwamba nyie ndio mlioandika. Alisema: niliwaambia. Mlijua. Mkachelewa, na hamkuzuia yasirudi.

Tarehe 12 Novemba 1997 mahakama ya rufaa ikampa ushindi America Online kwa kutumia kile kifungu kipya. Mahakama ilieleza hivi: tukisema mwenye jukwaa anawajibika pale tu anapoambiwa, basi kila mtu asiyependa kusemwa atapiga simu alalamike, na mwenye jukwaa, kwa kuogopa kesi, atafuta kila kinacholalamikiwa, cha kweli na cha uongo. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi, mambo yakaishia hapo. Aliyeweka tangazo hakupatikana.

Sasa weka hizi kesi mbili pamoja. Stratton Oakmont wangekuwa na njia ya kulalamika tu na kufutiwa, zile meseji zisingekaa hata siku moja, na mnunuzi wa hisa asingeonywa. Zeran alilalamika kwa haki zote na akaachwa anaungua. Mlango ni uleule. Ukiufunga, unamfungia anayesema kweli kwa jina la kujificha. Ukiuacha wazi, anapita na muongo. Na modereta ndiye aliyesimama pale mlangoni, meseji 42 zinapita kila dakika, hana namna ya kujua yupi ni yupi.

Swali letu la nani alipe, basi, limeshapata majibu mawili. Mwaka 1995 lilijibiwa: mwenye jukwaa. Mwaka 1997 likajibiwa: aliyesemwa, avumilie tu.

Bongo jibu likawa tofauti: tupe jina

Huku kwetu kifungu cha 230 hakifiki. Ila swali lilifika mapema tu.

Mwaka 2006 lilizaliwa jukwaa la JamboForums, ambalo kuanzia 2008 tunalijua kama JamiiForums. Nguvu yake ilikuwa hii: mtu anaingia na jina la kubuni, anamwaga anachokijua kazini kwake au serikalini, watu wanajadili. Mle ndani kumepita mambo mazito na kumepita pumba, na mods wake wana kazi ya kuchambua kama mama anayepepeta mchele.

Mwaka 2015 Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayowapa polisi uwezo wa kudai taarifa kutoka kwa mwenye mtandao. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakama ya Kisutu. Moja ya mashtaka ilikuwa kuzuia upelelezi: polisi walitaka taarifa za wanachama waliokuwa wanaandika, naye hakuzitoa. Kesi zikaenda miaka, kuahirishwa na kurudi, kurudi na kuahirishwa. Mwaka 2019 shirika la kimataifa la kutetea waandishi, CPJ, likampa tuzo ya uhuru wa habari. Aprili 2020 mahakama ikamtia hatiani katika moja ya kesi: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Faini ikalipwa.

Katikati ya hayo, mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au jukwaa alitakiwa kuwa na leseni, na gharama zake za kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1. Akiambiwa na mamlaka kwamba posti fulani haifai, alikuwa na saa 12 kuhakikisha imeondoka. Juni mwaka huo JamiiForums ilizimwa kwa muda, na blogu kadhaa za watu binafsi zikafunga virago.

Unaona tofauti? Marekani walibishana kama mwenye jukwaa alipe kwa maneno ya mgeni. Hapa alipewa chaguo lingine: mtaje mgeni, au simama wewe mahali pake. Kuna watakaosema ndiyo, mtu akichafua jina la mwenzake atajwe, mbona rahisi. Zeran angekubaliana nao mia kwa mia. Lakini fikiria yule wa Oktoba 1994 angetajwa jina mbele ya Stratton Oakmont na mawakili wao wa dola milioni 200. Nani tena angeandika?

Nairobi, wanaofuta mpaka usingizi unafutika

Yupo mlipaji mwingine, na huyu hata mahakama za miaka ya tisini hazikumfikiria. Ni yule anayeshika ufagio wenyewe.

Prodigy walikuwa na meseji 60,000 kwa siku. Majukwaa ya leo yanapokea kiasi ambacho hata kukitamka ni shida, na si maandishi tu, ni video za watu wakichinjwa, watoto wakidhalilishwa, watu wakijiua. Mashine inanasa nyingi. Zinazobaki anaangalia binadamu. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2019, kwa lugha nyingi za Afrika, binadamu huyo alikuwa amekaa kwenye ofisi moja Nairobi, ameajiriwa na kampuni ya Sama iliyopewa kandarasi na Facebook. Vijana walitoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini. Februari 2022 jarida la Time liliandika kwamba baadhi yao walikuwa wanapeleka nyumbani hata dola 1.50 kwa saa.

Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, akafukuzwa. Mei 2022 akafungua kesi Nairobi. Mwaka 2023 wenzao 184 nao wakaenda mahakamani baada ya kandarasi kufungwa. Mei mosi mwaka huohuo zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha chama chao cha wafanyakazi. Desemba 2024 ripoti ya daktari iliyopelekwa mahakamani ilionyesha zaidi ya 140 kati yao wamekutwa na maradhi ya akili yanayotokana na kuona mambo ya kutisha, yale wanayopata wanajeshi waliotoka vitani.

Hawa ndio wasiojulikana wa kweli. Posti ikifutwa, wewe unaona tu nafasi iko wazi. Hujui kwamba kuna mtu Nairobi aliiangalia mpaka mwisho ili wewe usiione.

Na palepale Nairobi, mahakama ya pili ina kesi inayorudisha kisa cha Zeran, safari hii na damu. Oktoba 2021, vita vya Ethiopia vikiwa vimepamba moto, posti za Facebook zilimtaja profesa mmoja wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, zikaweka picha yake na zikaeleza anapoishi. Mwanawe aliripoti posti hizo. Tarehe 3 Novemba profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake, akafa. Desemba 2022 mwanawe akafungua kesi Kenya, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inayo mamlaka ya kuisikiliza. Hoja yake ni ileile ya yule bwana wa Seattle: niliwaambia.

Miaka thelathini, swali lilelile

Ukikusanya yote, utaona kitu. Kila mara mtu asiyejulikana anapoandika, yeye anaondoka na bili inabaki mezani. Long Island iliwekwa mbele ya mwenye jukwaa. Seattle na Bahir Dar iliwekwa mbele ya aliyesemwa. Kisutu ilikuwa ya aliyekataa kutaja jina. Nairobi inalipwa na anayefuta, kidogo kidogo, usiku akishindwa kulala.

Ndiyo maana mtu akisema "modereta afute tu matusi, kazi iko wapi", huwa anazungumzia sehemu nyepesi. Tusi linajulikana kwa macho. Tabu iko kwenye ile posti isiyo na tusi hata moja, inayomtaja mtu kwa jina, inayoweza kuwa kweli tupu au uongo mtupu, imeandikwa na mtu aliyejificha kwa sababu nzuri au mbaya, na saa inakimbia.

Kwa maoni yangu, Zeran anatuonyesha kinachokosekana. Hakuhitaji modereta anayejua ukweli wote wa dunia. Alihitaji mtu wa kupokea simu ya kwanza, akaangalia namba iliyowekwa na vitisho vilivyoanza, akaona hapa kuna mtu ataumia leo, akazuia lisirudi. Kati ya kusema "tajiri huyu ni tapeli" na kusema "huyu anaishi nyumba ile pale" kuna tofauti ambayo hata mtoto anaiona. Ya kwanza inaweza kusubiri ushahidi na majibu ya mtajwa. Ya pili haiwezi kusubiri hata saa moja. Ila kuona tofauti hiyo kunataka binadamu anayejua lugha, aliyelipwa vizuri, ambaye hajachoka. Na huyo ndiye ambaye kampuni zimekuwa zikimtafuta kwa bei ya chini kuliko wote.

Sasa wadau, wewe ungekuwa modereta wa Money Talk ile Oktoba 1994. Huwajui Stratton Oakmont, filamu haijatoka, Porush ni mfanyabiashara mwenye suti na mawakili. Posti imeingia, mwandishi humjui, ushahidi hajaweka. Unafuta au unaacha?